Neno la Kijerumani na Kikuba cha Mama

Enzi zetu, sisi tuliosoma Unguja miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, skuli tulikwenda kwa miguu kutoka Jang'ombe, sare zimepigwa pasi ya makaa, tumboni chai na muhogo wa kuchemsha. Vijana wa leo wanashushwa na gari mlangoni na bado wanachelewa.

Darasa letu la kuandaliwa ualimu lilipata mwalimu wa kike kutoka Ujerumani ya Mashariki. Siku moja alichora ubaoni nukta nyingi zilizopangwa kwa mzunguko, akatuuliza tunaona nini. Sote tukajibu duara. Akacheka, akasema yeye kachora nukta tu. Kisha akaandika neno gestalt, ambalo wataalamu wa saikolojia wa kwao wamelifanya jina la mkondo wao mzima wa fikra. Maana yake, alisema, ni umbo. Mimi kwa ujuba wangu nikamuuliza neno lenyewe limetoka wapi. Limetokana na kitenzi chao cha kuweka, akanieleza: umbo ni jinsi kitu kilivyowekwa.

Kila jioni baba alinikalisha mkekani nimsimulie niliyosoma. Siku hiyo uso ulimbadilika.

"Umbo kaliumba Mungu. Hao wanakwambia limewekwa na nani? Basi, kesho huendi."

Nililia, lakini sikukubali. Ualimu nilikuwa nautaka kwa roho yangu yote, na aliyeacha masomo nafasi yake ilichukuliwa. Mama alikuwa uani akifunga vikuba, vishada vya maua ya kunukia, vya bibi harusi wa jirani. Nikachukua kimoja, nikarudi mkekani.

"Baba, hiki nini?"

"Si kikuba hicho."

"Mbona hukusema asumini na rehani?"

Akakipokea, akakinusa.

"Maua kayaumba Mungu, baba. Mama kayaweka pamoja tu, ndiyo yakawa kikuba. Neno lao maana yake ni hiyo, halina jengine."

Akanirudishia kikuba. "Mbishi wewe," akasema. "Kesho usichelewe."

Nimesomesha mpaka nimestaafu. Siku hizi hakuna mzee Jang'ombe anayemtoa binti skuli kwa sababu ya neno, nami nashukuru. Lakini nawatazama wajukuu wanavyorudi, wanatupa mikoba, wanainamia simu, na wazazi wao nao wameinamia zao. Baba alikaribia kunitoa skuli kwa sababu alinisikiliza. Hawa wangeweza kufundishwa lolote, na nyumba nzima isijue.