Ngara hadi Niboye, kwa Kaka Mwenye Mionzi Kichwani

Niliondoka Ngara kwa sababu ya simu ya kaka yangu Deo, anayeishi Kigali. Alikuwa amerudi kutoka India, alikotolewa uvimbe kwenye ubongo. "Stela, njoo ukae na mimi," aliniambia. "Hapa watu wananikimbia."

Nami nilikuwa na langu. Nina miaka arobaini na moja, na nilikuwa na mimba changa. Mbili za nyuma ziliharibika, kila moja mara tu baada ya ukoo mzima kuambiwa. Hii, tuliapa na mume wangu, haimfikii mtu masikioni mpaka ijitokeze yenyewe.

Rusumo, mpakani, nilivuka daraja kwa miguu, nikagongewa muhuri, nikapanda basi la Kigali. Nilitapika njia nzima. Abiria wa pembeni akanipa limau, akasema kona za Rwanda zinataka mazoea. Nikakubali haraka. Kona zikabeba lawama.

Kituoni Kabuga, nje kidogo ya Kigali, alinipokea wifi yangu, Mama Keza, mke wa Deo, anayeuza vitenge sokoni pale. Tukiwa kwenye basi la mjini akanieleza. Madaktari walipotoa uvimbe, kabla ya kufunga fuvu, walipachika pale pale vigae vidogo laini vyenye punje za mionzi, viue mabaki. Vimebaki humo humo, na nguvu yake inapungua yenyewe.

"Daktari alisema ni mwenye mimba na mutoto mudogo tu akae mbali, mpaka nguvu iishe," alisema. "Wengine iko sawa. Lakini watu, wifi! Watu!"

Nikageukia dirishani, nikajifanya natazama maduka.

Niboye, mtaa anaoishi Deo, tulifika mchana. Deo alikuwa katikati ya ua, kofia ya sufu kichwani, viti vya kukodi vimemzunguka vyote vitupu. Wageni walibanana getini na chupa zao za fanta, wakimjulia hali kwa kupiga kelele. Kikundi cha sala kilikuwa kimemwekea mikono kutokea barabarani. Jirani mmoja alikuwa ameiviringisha simu yake kwenye karatasi ya alumini ya kufunikia nyama choma, isiingiwe na mionzi. Na Mzee Tadeyo, seremala mstaafu wa nyumba ya pili, alikuwa amejibana kati ya wajawazito wawili.

"Mzee, daktari alitaja wajawazito," nilimwambia.

"Mimi sipendi kubahatisha," akajibu.

Deo akaniona. Akasimama, akafungua mikono. "Stela! Sasa nimepata mtu!"

Nikabaki pale getini. Nikisogea, namhatarisha mtoto. Nikisema, watu wote wanajua, na mwajua za nyuma ziliishaje. Nikinyamaza, kaka atadhani hata mimi namkimbia. Mikono yake ikaanza kushuka polepole. Jamani, ile mikono ilinibeba utoto wangu wote. Sikuweza.

"Kaka, sikuogopi!" nikapaza sauti. "Nina mimba!"

Mama Keza akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Deo aliketi, akafunika uso. Nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili.

"Basi baki huko huko!" akaniamrisha. "Usithubutu kusogea!"

Mama Keza akageukia geti, mikono kiunoni. "Huyu iko na mimba. Na nyinyi iko na nini? Muzee Tadeyo, yako iko miezi ngapi?"

Wajawazito waliangua kicheko. Mwenye simu akawa wa kwanza kuingia na kuketi karibu na Deo, kisha wenzake, mmoja mmoja. Mzee Tadeyo alikwenda mwisho, akakaa ubavuni kwa kaka, ameishika fanta kwa mikono miwili. Muda si mrefu simwoni tena Deo, naona kofia tu katikati ya vichwa. Nililia pale getini, na sikujificha.

Safari ya kurudi niliianza keshokutwa yake, sijamgusa kaka hata kidole. Nilijifunza kwamba mgonjwa anaweza kuvumilia mtu kukaa mbali naye, mradi aambiwe sababu. Hofu yangu sikuiacha Kigali. Kila asubuhi najipapasa tumbo kwanza, ndipo nasali.

Jana Deo alipiga simu.

"Huku inapungua," akasema. "Huko je?"

"Huku kaka, inaongezeka."