Uso Niliouchora Myamba

Safari yangu ilianza kwa barua. Chama kimoja cha kujitolea kilitafuta mtu wa kuwachorea akina mama wa Myamba, kijiji cha milimani, mabango ya kuhimiza kuchemsha maji. Mimi nilikuwa nikichora vibao vya maduka Tanga. Siku zile za ujamaa kila mtu aliulizwa amelifanyia nini taifa. Nikaomba likizo.

Hedaru nilishuka basi asubuhi, nikapanda lori hadi lilipokomea. Sehemu iliyobaki niliipanda kwa miguu. Ukungu ukashuka ghafla. Mbele yangu nilisikia mwanamke akikohoa na ndoo ikigonga mawe, lakini nilipoharakisha sikumkuta mtu.

Myamba nilipokewa na Mama Nanzia, mwenyekiti wa akina mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Alitazama nyuma yangu kidogo, kisha akanikaribisha ndani.

Kesho yake, katika darasa la watu wazima, nilichora mwanamke akiteka maji kwenye chemchemi. Uso niliutunga tu: kovu juu ya nyusi, mwanya mpana. Niliwageuzia bango. Mmoja alitoka mbio.

"Nani amekuonyesha Namkunda?" aliuliza Mama Nanzia.

"Namkunda ni nani, mama?"

"Binti yangu. Alikunywa maji ya chemchemi, akaharisha siku mbili. Tulimzika masika yaliyopita. Hakuwahi kupigwa picha."

Wenzake walitaka bango lichomwe.

"Msilichome," alisema Mama Nanzia, akilikumbatia. "Sura yake ilikuwa imeanza kunipotea."

Alilibandika mwenyewe mlangoni mwa zahanati. Wapitao wakawa wanaliamkia kama mtu. Siku ya tatu, niliposhuka mlima, karibu kila jiko nililopita lilikuwa na sufuria ya maji yakitokota.

Nyumbani Tanga chama kiliomba nakala kwa ajili ya vijiji vingine. Nilijaribu wiki nzima. Kovu lilikuja, mwanya ukaja, Namkunda hakuja. Kila mara ulijitokeza uso wa mwanamke mwingine nisiyemjua, nami niliogopa kwamba mahali fulani yupo mama ambaye angemtambua. Nilijifunza kwamba uso haubuniwi ovyo. Huenda una wenyewe. Mwishowe nilipeleka mabango. Wanawake wote niliowachora wameinamia maji, wametugeuzia mgongo.