Mwaka Mama Aliposaga Jiwe Tupu

Jiwe la kusagia likiwa na mtama hutoa sauti nzito, kama ng'ombe anayecheua. Likiwa tupu hukwaruza, na mkwaruzo wake huingia mpaka kwenye meno. Sauti hiyo ya pili naijua kuliko jina langu, kwa sababu mwaka ule wa nzige, pale kwetu karibu na Didia, mama yangu alisaga jiwe tupu kila jioni. Alipiga magoti, akajifunga kaniki yake vizuri kifuani, akasaga hewa mpaka jasho likamtoka. Mimi Kabula na mdogo wangu Masanja tulikaa kando tukimtazama. Alikuwa ametuonya kwamba mtu akituuliza, tumekula, tena tumeshiba. Na kweli tulikuwa tumeshiba, maji ya kisima na mlenda usio na chumvi.

Msidhani mama alikuwa na wazimu. Baba aliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, pamoja na wanaume wengine waliopitia Masumbwe kwa miguu. Dhahabu hakuiona, homa aliiona, na huko huko akazikwa. Kwa desturi yetu mjane alirithiwa na ndugu wa mume, hivyo baba mdogo Maganga akaja kwa heshima zake zote, na mbuzi kamshika kamba. Mama akamwambia hapana, atawalea watoto wake mwenyewe. Weee! Ukoo ukakaa kikao, ukateta kutwa nzima, mwisho ukakubali shingo upande. Mama abaki kwenye nyumba yake na sisi, ili mradi anatulisha. Siku chakula kitakapomshinda, watoto wahamie kwa baba mdogo, maana ng'ombe wa mahari walikuwa wa ukoo. Mama alikubali haraka sana, kwa sababu kihenge chake kilikuwa kimejaa mtama na hakujua kwamba nzige wako njiani.

Walikuja adhuhuri. Jua lilififia, halafu tukasikia mashamba yakitafunwa, sauti ya mvua inayonyesha juu ya majani makavu. Tulipiga masufuria na madebe hadi mikono ikafa ganzi, wapi! Walioneemeka ni kuku peke yao. Walikula nzige mpaka wakashindwa kukimbia, na mayai yao yakanuka nzige kwa muda mrefu. Na sisi tuliwakaanga tukawala, sitasema uongo, walikuwa watamu. Lakini nzige huondoka na njaa hubaki. Mvua ya msimu uliofuata nayo ikatunyima, na kihenge cha mama kikabaki na vumbi na harufu ya panya.

Sasa niwaeleze habari ya ghala la mtemi, mtawala wetu. Kila msimu, watu hawajagusa mashamba yao, ngoma ililia na wote wakaenda kulima shamba la mtemi. Baba alikuwa mmoja wa waimbaji huko. Alirusha jembe juu, akalidaka, akaendelea kulima bila kukosa wimbo. Mavuno yalihifadhiwa ghalani, barazani kwake, kwa ajili ya mwaka mbaya. Watu walinung'unika kila mwaka kwamba wanamlimia mtu mwingine, na baba huyo huyo mwimbaji ndiye aliyeongoza kwa kunung'unika. Basi mwaka mbaya ulipofika, mtemi na baraza lake wakaamuru ghala lifunguliwe kwa ajili ya nyumba zisizo na kitu kabisa. Wanangwa, yaani wasimamizi wake wa vijiji, waliagizwa wapite wenyewe nyumba kwa nyumba, kwa sababu watu wetu ni afadhali waanguke njiani kuliko kusema wana njaa. Mwanangwa wetu alikuwa Mzee Luhende, mtu mrefu, mpole, mwenye kuchechemea mguu mmoja. Alipita jioni, wakati wa kusaga, akisikiliza. Penye jiwe linalolia aliendelea na safari yake, maana ukiwa njiani huwezi kutofautisha jiwe tupu na lenye mtama. Na kwetu jiwe lililia kuliko kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo alitupita, jioni baada ya jioni. Masanja miguu ilikonda, tumbo likavimba, nywele zikawa nyekundu. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo mimi nilipoogopa. Mama alikuwa akimtazama yeye, analitazama jiwe, halafu anazidi kusaga. Ilikuwa kama kumlinda kwa kelele zile.

Jioni moja Mzee Luhende aliingia uani. "Mwadila, mayu," alimsalimia, yaani habari za jioni, mama. Mama akaitikia bila kusimamisha mikono. Mzee alisimama pale kwa muda, macho yake yakiwa kwenye ua wetu wa minyaa. Siku zile za njaa kuku wa kijiji kizima walikimbilia jiwe lolote lililolia, wakagombea punje zinazoruka. Kuku wa jirani yetu, Mama Holo, walikuwa hapo hapo nyuma ya minyaa wakichakura vumbi, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

"Mama Kabula," alisema polepole, "mbona kuku hawaji?"

Mikono ya mama ilisimama. Alijikaza, alijikaza sana, halafu akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba. Akamweleza habari yote ya kikao. "Nikipokea nafaka yako, baba," alisema, "watoto wangu wanaondoka."

Mzee Luhende alimtazama Masanja, akaaga, akatoka. Mimi nikaamini anakwenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Nilimficha Masanja nyuma ya kihenge, nikamwambia asikohoe.

Asubuhi alirudi kweli, na baba mdogo Maganga nyuma yake, na majirani, na vijana wawili wenye makapu ya mtama kichwani. Mama alisimama mlangoni ametandaza mikono. Mzee Luhende akaamuru makapu yatuliwe miguuni pa mama, kisha akazungumza watu wote wasikie.

"Maganga, kaka yako alilima shamba la mtemi kila msimu, na sote tulimsikia akiimba. Mtama huu ni jasho lake, si sadaka. Nyumba hii bado inalishwa na mwenyewe. Nani anasema imeshindwa?"

Baba mdogo alisogea hatua moja kuelekea makapu. Macho yake yalikuwa kwenye mtama, na koo lake likawa linapanda na kushuka. Ndipo nilipoona mifupa ya mabega yake, ilivyotokeza. Mzee Luhende akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kwake kunapikwa. Baba mdogo, yule wa kikao, akatikisa kichwa akiangalia chini. Kumbe na yeye alikuwa akijikaza, na sisi angetupeleka kwenye chungu kitupu kama chetu. Mama alishika kata, akachota mtama kwenye kapu letu, akammiminia kwenye pindo la shuka lake mpaka likaelemewa. "Shemeji, watoto wapate uji kwanza," alisema. Baada ya siku ile hakutudai tena.

Jioni ile mama alisaga. Kuku wa Mama Holo walipenya minyaa mbio, wakakanyagana. Mama, ambaye siku nyingine angewatupia kijiti, aliwaacha wadonoe mpaka kwenye magoti yake, huku akicheka na machozi yanatiririka. Masanja yu hai hadi leo, ana wajukuu na ubishi mwingi.

Siku hizi kuna mashine ya kusaga, inanguruma kwa ajili ya wote, huwezi kujua nani kapeleka debe na nani hana. Ukame ukizidi, ofisi ya kata huleta mahindi ya msaada, nami nashukuru kila nikiona lori likipakua, nashukuru kwa moyo wangu wote. Lakini nawaona kina mama wanavyojifunika khanga nyuso zao kwenye foleni, na wengine hawafiki kabisa. Juzi nilikwenda kwa mtendaji wa kata na fimbo yangu, nikamtajia jina la jirani yangu mmoja. Kijana akaniuliza, kwa adabu, nimejuaje, wakati moshi unafuka kwake kila siku. Nikamwambia njoo jioni, mwanangu, ukae uani kwangu, utazame kama kuku wanakwenda kwake.