Picha Moja, Kurasa Mbili

Pale maabara walimwita Bi Macho, maana picha ikishapita mbele yake haisahau. Kazi yake ilikuwa kufundisha baiolojia ya seli, ila akipata nafasi, wenzake wakiangalia tamthilia, yeye husoma tafiti zilizokwisha kuchapishwa akiwinda makosa. Akilipata kosa, huwaandikia wahariri wa jarida, basi.

Safari hii alikuwa jikoni kwake, chai mkononi, akisoma utafiti wa shemeji yake, mume wa dada yake, kuhusu dawa ya figo. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya mistari myeusi, kuonyesha wingi wa protini kwenye seli zilizopewa dawa kidogo. Ukurasa wa pili, seli zilizopewa dawa nyingi. Akakodoa macho. Mkwaruzo ule ule pembeni, doa lile lile. Ilikuwa picha moja, imewekwa mara mbili.

Chai ikamwishia utamu. Akiwaandikia wahariri, dada yake atamnunia. Akinyamaza, atalalaje? Akachukua mkoba, akaenda nyumbani kwa dada yake.

Shemeji alimpokea kwa utani, akamuuliza amekuja kula au kukagua. Alipoambiwa, utani ukamkauka mdomoni. Kwanza akasema haiwezekani, kisha akailaumu kompyuta, mwisho akafungua mafaili yake. Picha halisi ilikuwemo. Dawa ikizidi, protini haikupungua kama ilivyopungua kwa dawa kidogo, kinyume na alivyotangaza.

"Shemeji, umeniharibia utafiti," akasema.

"Ulikuwa umeshaharibika. Mimi nimekuonyesha tu."

Dada mtu akaangua kicheko. Shemeji akajikaza, akashindwa, akacheka naye. Jioni ile ile akawaandikia wahariri mwenyewe.

Masahihisho yalipotoka, aliona haya hata kwenda kazini. Ndipo akapigiwa simu na mtafiti wa mbali asiyemjua. Mama huyo alikuwa amerudia jaribio lile mara nyingi bila kupata jibu lililochapishwa, hata akaanza kuilaumu mikono yake. Sasa alitaka walirudie pamoja, kwa dawa kidogo tu. Shemeji alimpigia Bi Macho kumpa habari hizo, furaha kama ya mtu aliyepata mtoto.

Jaribio lilikubali. Kabla ya kulituma jaridani, shemeji alimletea Bi Macho andiko zima alikague. Picha zote zilikuwa sawa. Kosa alilipata mwishoni, kwenye shukrani: jina lake mwenyewe lilikuwa limeandikwa vibaya.