Jumapili Bibi Alipoitikia Redioni

Wenzangu hapa bwenini wakinusa maandazi yanakaangwa wanakumbuka kwao. Mimi nikitaka kukumbuka kwetu, itabidi mtu aunguze vumbi. Redio ya baba ikiwashwa, vumbi lililolala juu ya transfoma lilianza kuungua polepole, likachanganyika na ukali wa asidi ya betri na harufu ya furu, visamaki vya ziwani, wakavu waliotundikwa jikoni, mpaka nyumba yetu ya Musoma ikanuka kama mtu amemkaanga fundi. Sisemi redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii ilikuwa ya kuongea: sanduku la chuma, zito kuliko mimi nilipokuwa darasa la tano, na maikrofoni yenye kitufe. Ukibonyeza kitufe unaongea na husikii kitu; ukimaliza unasema ova, unakiachia, unasikia. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mitambo ya boti za misheni, aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza. Kibali cha serikali alikibandika ukutani juu ya picha ya Bwana Yesu, kwa sababu, alisema, mgambo wakija kutafuta walanguzi watataka kuona kibali kwanza, Yesu watamwona baadaye.

Ulikuwa mwaka ambao duka la ushirika lilikuwa linauza mashelfu. Hapakuwa na kingine juu yake. Tulifulia majani ya mpapai, na mwalimu wetu wa usafi alikuja kutukagua kucha akiwa ananuka jasho kuliko sisi. Jumapili watu wakitoka kanisani walikwenda kutafuta sukari. Baba alikwenda kutafuta chaji ya betri, akairudisha kwa mkokoteni kama amebeba mgonjwa. Mchana akawasha, akawaita wapenzi wenzake wa redio. Mmoja alikuwa Mzee Wambura wa Butiama, ambaye siku za kazi alichimba dhahabu Buhemba na hakuwahi kuonyesha hata chembe. Mwingine alikuwa Sajini Mafuru wa Kabasa, kule Bunda, mwanajeshi mstaafu wa mawasiliano aliyerudi kutoka vita vya Uganda na mguu mmoja. Mazungumzo yao yalikuwa hayo hayo: nani katika ukoo alipigana wapi. Babu yangu alikwenda Burma na keya, jeshi la Mwingereza, akabeba waya wa simu mgongoni hadi mgongo ukakataa kunyooka. Baba yake Wambura alikuwa mpishi wa keya, na ukimsikiliza Wambura utadhani Mjapani alishindwa na maharage.

"Babangu alipikia kombania nzima kwenye mvua, ova."

"Ndiyo maana hata mvua ilikimbia, ova," akajibu Sajini.

Mimi nilicheka chini ya meza mpaka baba akanitoa kwa mguu. Lakini kulikuwa na jina moja ambalo likitajwa Sajini alianza kuongelea pamba. Jina hilo ni Magesa, baba yangu mdogo, kitindamimba wa bibi. Alikuwa kikosi kimoja na Sajini, akibeba redio mgongoni kama babu alivyobeba waya, na hakurudi. Alizikwa hukohuko Kagera pamoja na wenzake. Mugango, kwa bibi, ilifika taarifa tu. Bibi hakudai maiti wala nishani. Alitaka kujua mwanawe alikufaje, na kama alisema neno. Aliyekuwepo alikuwa Sajini. Baba alimwomba, akamwomba tena, na Jumapili moja Sajini hakukimbilia pamba.

"Fundi," akasema, "mlete mama. Uso kwa uso siwezi, akiniangalia nitamdanganya. Hapa redioni nitasema. Ila mara moja tu. Ova."

Bibi akaja kutoka Mugango juu ya lori la mihogo, na mfuko wa udaga, mihogo iliyovundikwa ikakaushwa, na furu wengine kama vile hatukuwa na wa kutosha kunuka. Jumapili ilipofika akatoa kwenye bunda lake kabuti la babu, lile la keya, akalivaa na vifungo akafunga vyote. Musoma, saa nane mchana, jua linachemsha ziwa.

"Bibi, utaiva," nikamwambia.

"Nyamaza wewe, mdomo kama wa bata. Mtu anakwenda kwa wanajeshi hajavaa?"

Baba akamfundisha kitufe. Bonyeza uongee, achia usikie. Bibi akasema ameelewa, na kweli alielewa, maana salamu zilikwenda vizuri kabisa. Aliuliza nyumba, akauliza watoto, ng'ombe, pamba, mvua, na mimi nikawa naiona betri inakonda.

"Na mguu, mwanangu? Ova."

"Uliopo haujambo, mama. Ova."

Bibi akacheka, baba akacheka. Kisha Sajini akavuta pumzi, tukaisikia ikivutwa, akaanza.

Sasa, kwetu mtu akikusimulia msiba, unamwitikia. Akisema neno unasema eeh, akisema lingine unasema eeh, ili ajue umebeba naye. Ukikaa kimya umemnunia, au unamhesabia makosa. Bibi ameitikia misiba maisha yake yote. Kwa hiyo Sajini aliposema, "Mvua ilikuwa inanyesha," bibi akabonyeza kitufe, akasema, "Eeh." Spika ikafa. Akaachia, ikafufuka: "...redio mgongoni kwake, tukamwambia aivue, akakataa..." Bibi akabonyeza. "Eeh, mwanangu." Spika ikafa tena. Na Sajini, kitufe chake kikiwa chini ya kidole, hakusikia hata eeh moja. Alikuwa anaongea peke yake Bunda, bibi anaitikia peke yake Musoma. Mwanzoni nilijiziba mdomo kwa gauni, maana ilichekesha. Halafu nikamwangalia baba.

"Mama, achia. Sikiliza tu," alikuwa ananong'ona.

"Nimnyamazie? Mtu ananieleza mwanangu nikae kama gogo? Si atajua namlaumu!"

Baba angeweza kuchukua ile maikrofoni. Mkono wake ulikwenda, ukafika katikati ya meza, ukarudi. Mtu mzima wa kwetu hamnyang'anyi mama yake kitu mkononi, tena mama aliye msibani, tena amevaa kabuti la baba yako. Spika ikasema, "...nikamwinua kichwa, akaniambia, Mafuru, kamwambie mama..." Bibi aliposikia mama, akabana kitufe kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Eeh! Eeh, baba! Eeh!"

Alipolegeza mkono tukasikia, "...ndivyo alivyosema, mama. Nimemaliza. Ova."

Bibi akashukuru vizuri, akamwombea kwa Mungu, hata ova akaikumbuka. Ndipo akamgeukia baba. "Pale mwishoni alisema nini?" Baba akaita Bunda, akaita, akaita. Sajini alikuwa amezima. Akaingia Wambura kutoka Butiama, akasema kwake sauti zao mbili ziligongana, akasikia mluzi tu.

Jumapili iliyofuata Sajini alirudi hewani na sauti nyingine, nyepesi, anatania maharage ya Burma kama kijana. Baba akasogeza maikrofoni mdomoni amuulize. Bibi, aliyekuwa hajarudi Mugango, akamshika mkono. "Muache. Alisema mara moja tu. Ukimwambia hatukusikia utamrudisha kulekule." Baba akabonyeza. "Pamba huko imefikia wapi, ova?"

Sasa niko kidato cha tatu, na maduka ya Musoma yamejaa mpaka yanamwagia vitu barabarani. Betri zipo za kila rangi, redio kaseti, mitumba, hata mwenzangu mmoja alivaa nguo ya kulalia ya Mzungu akaenda nayo kanisani. Furu wameisha, sangara amewala, na jikoni kwetu siku hizi hakunuki. Redio ya baba imefunikwa kitambaa, juu yake kuna nyanya. Chaji siyo tatizo tena. Wa kumwita ndiye hayupo. Sajini alifariki mwaka jana, na pale msibani Kabasa mkewe alimwambia bibi kwamba zamani alikuwaga anapiga kelele usingizini, ila tangu aongee na mama wa Mugango akawa analala. "Eeh," bibi akaitikia. Kutoka Musoma kwenda Bunda si safari. Miaka yote hiyo Sajini alikuwa hai, na yeyote kati yetu angeweza kwenda, akakaa, akauliza. Kwa adabu zetu tukamuulizia pamba.

Baba amemnunulia bibi redio kaseti. Kila siku anakaa nayo uani Mugango kusikiliza matangazo ya vifo vya watu asiowajua, na kila jina likitajwa anaitikia. Likizo iliyopita nikamwambia, kwa mdomo wangu wa bata, "Bibi, huyo hakusikii."

"Najua," akasema. "Ila hii nikiiitikia, hainyamazi."