Mtoto Aliyebaki Ukutani

Kamati yetu ya kuchagua mchoro wa ukumbi mpya wa abiria, pale kituo cha mabasi cha Gisenyi, haikutaka kuacha kitu. Mmoja alitaka volkano, mwingine ziwa. Tukaongeza ng'ombe, chai, ngoma, na mwishowe basi lenyewe, lisije likanuna. Mimi nilikuwa karani. Nimekulia Tanzania, na wenzangu walinitania kwamba naongea kama msoma taarifa ya habari.

Kazi tulimpa mama mmoja wa Busasamana, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akichora milango ya saluni na mabucha tu. Nilimpenda tangu mwanzo. Alisikiliza madai yetu yote bila kukunja uso, kisha akaomba ngazi. Mwenyekiti, mwanajeshi mstaafu aliyerudi kutoka Uganda, alimwambia wazi: kamati isiporidhika siku ya ukaguzi, ukuta utapewa kampuni ya simu ibandike tangazo lake. Mama yule alijua kwamba akiukosa ukuta huu, atarudi kwenye milango ya saluni.

Alianza kwa makaa juu ya chokaa nyeupe. Nilikuwa napita kila jioni nikitoka kazini, nasimama kumtazama, nasahau njaa. Volkano ilisimama, ziwa likatandazwa, ng'ombe wakapanga foleni. Pembeni, karibu na mlango, alimweka mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, mtoto kalala fofofo. Huyo hatukumwagiza.

Ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo mtaa mzima hutoka kufanya usafi. Watu wa Mbugangari walipangiwa kituo cha mabasi, wakaja na ndoo, sabuni na brashi. Sisi huku hatuna mzaha na uchafu. Nilipofika na mchoraji, ukuta ulikuwa unang'aa. Volkano, ziwa, ng'ombe, vyote vilikuwa vimeteremka na maji ya sabuni hadi mtaroni.

"Bon, tumesafisha yote," alituambia mama mmoja aliyejifunga kitenge kiunoni, uso umejaa fahari. "Kuna batu walichafua ukuta na makala." Makaa, alimaanisha.

Niliwaka. Nilitaka kumuuliza kama ana macho. Lakini mchoraji alinishika mkono, akanionyesha kule karibu na mlango. Yule mwanamke alikuwa bado amesimama na mtoto wake mgongoni, hata tone la maji halikumgusa.

"Na huyu je?" nikauliza kwa ukali.

Mama wa kitenge aliona haya kidogo. "Uyu mutoto iko nalala. Mi nilishindwa kumumwangia mayi."

Mchoraji alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Sasa najua nitachora nini," akasema.

Hakuirudisha volkano. Siku chache zilizobaki alizitumia kumchora mwanamke yule upya, kwa rangi, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na mtoto wake akalala juu ya vichwa vyetu sote. Nilimwambia kamati itamtimua. Akanijibu, "We acha tu, bakuje," yaani waje tu. Nilimhofia sana, na nilimheshimu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuingia ofisini kwetu.

Siku ya ukaguzi, fundi wa kampuni ya simu alikuwa tayari mlangoni na futi yake ya kupimia ukuta. Mwenyekiti akaingia. Huyu ni mtu ambaye akikusalimia asubuhi, madirisha hutikisika. Alisimama mbele ya lile shavu kubwa la mtoto lililoegemea mgongo wa mama yake, akatazama, akatazama tena. Mchoraji alikuwa ameshikilia ngazi kwa mikono miwili. Kisha mwenyekiti akanisogelea sikioni.

"Volkano yetu iko wapi?" akanong'ona.

"Ilifuliwa, mzee," nami nikanong'ona.

Akatikisa kichwa, akautazama ukuta kwa mara nyingine, kisha akampungia fundi mkono aende zake. Yule fundi akaikunja futi yake polepole, isipige kelele.