Asante Isiyofika Jikoni

Juzi nilirudi Kitui kwa sherehe ya ile shule ya wavulana ambako mama yangu alikuwa mpishi miaka yote ya utoto wangu. Baada ya kula, mshereheshaji akamshukuru mgeni rasmi, wazazi, polisi walioongoza magari, mpaka wenye hema na viti. Wapishi je? Kimya. Hasira ikanipanda, maana hotuba hiyo niliwahi kuisikia nikiwa mtoto.

Wacha nikueleze, rafiki yangu. Mama aliondoka nyumbani jogoo la kwanza, akarudi jioni ananuka moshi na muthokoi, yale mahindi yetu yanayotwangwa yakatoka maganda, kisha yakachemshwa na maharagwe. Mwalimu mkuu wa wakati huo, mzee mpole, alikuwa na desturi. Kila muhula ukifungwa aliwaleta wavulana wote mpaka mlango wa jikoni. Alisema mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana shambani, haufungwi kabla mwenye shamba hajawashukuru waliolima. "Mama, ni muvea," alisema. Asante, mama. Wavulana wakapiga makofi, basi.

Basi tu! Lakini ungeiona nyumba yetu jioni hiyo. Mama alisimulia akiiga sauti ya mwalimu, akacheka mpaka nyanya akamkumbusha kwamba ugali unaungua. Jumapili aliimba kwenye kwaya hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Sisi watoto hatukuchapwa wiki nzima, na si kwamba tulikuwa watakatifu.

Akaja mwalimu mkuu mpya. "Mtu anashukuriwa kwa kazi anayolipwa?" aliuliza, na desturi ikafa. Mama akaanza kurudi nyumbani bila neno. Kijiko kikianguka, kofi. Kwaya akaiacha, eti kifua kinamuuma. Kifua gani!

Halafu ikatangazwa kwamba siku ya wazazi, wafanyakazi wote wa shule watatajwa. Mama akajifunga kitambaa chake cha kanisani, akasimama mlangoni mwa jikoni tangu hotuba ya kwanza. Mimi na nyanya tulikuwa tumekaa nyuma ya wageni, tukimtazama. Wakatajwa watu wote. Hata Mungu alishukuriwa kwa kuzuia mvua, huku kwetu Ukambani tunakoililia! Kisha tukaambiwa, "Karibuni chakula." Mama akakivua kile kitambaa, akakikunja, akashikia sufuria ya moto. Hakukivaa tena, na wimbo wake sikuusikia tena mpaka tulipomzika.

Kwa hiyo juzi sikungoja keki ikatwe. Niliondoka kwenye hema nikaenda jikoni. Moshi wa kuni haupo siku hizi, na ule mlango wa zamani umezibwa kwa matofali. Kijana mpishi alikuwa anasugua sufuria peke yake.

"Ni muvea, mwanangu," nikamwambia. "Chakula kilikuwa kitamu sana."

Akaacha kusugua, akasimama wima, macho yamemtoka.

"Kwani kuna shida gani, mama? Nani amelalamika?"